Mkono wa Mama Katika Tangazo la Kahawa

Mwaka ule mama alitokea kwenye televisheni, lakini mkono tu. Kampuni moja ya kahawa ilitaka mkono wa mwanamke mtu mzima, wenye hina na bangili, umimine kahawa, na sauti yake iwakaribishe wageni kwa Kiarabu. "Sura wameona haiwafai," alitutania nyumbani kwetu, mtaa wa Ghubra.

Tangazo lilioneshwa Ramadhani nzima, katikati ya tamthilia aliyoipenda baba. Saa hizo baba yuko msikitini kwenye tarawehe, kwa hiyo tamthilia aliirekodi na kuitazama kesho yake alasiri, amefunga. Na matangazo ya Ramadhani ni sambusa, sharbati na nyama tupu. Miaka iliyopita kwake yalikuwa mateso. Mwaka ule, kabla ya mfungo, akanunua mashine ya kurekodi ambayo yenyewe huyaruka matangazo, haiyarekodi kabisa.

Mama akamuuliza kama ameshamuona kwenye tangazo.

"Tangazo la nini? Mie si nnakuona hapa mzima?"

Mama alicheka, lakini nilimuona kavunjika moyo.

Mwaka huohuo vituo vya televisheni vilimshitaki muuzaji wa mashine zile, vikidai matangazo ndiyo yanayolipia tamthilia. Baba aliifuatilia kesi magazetini kama watu wafuatiliavyo mpira, na alikuwa upande wa muuzaji. Mimi ilinichosha.

Mama alifariki baada ya Idi, ghafla, kwa moyo. Hakupenda video, ukimuelekezea simu hufunika uso kwa mtandio. Ujumbe wa sauti hakuwahi kutuma, yeye lake kupiga simu. Hitima ilipokwisha, baba aliniita.

"Mwanangu, nitafutie lile tangazo. Nnataka kuisikia sauti yake."

Kwenye mashine tamthilia zilikuwamo zote, mpaka ya mkesha wa Idi. Tangazo hakuna hata moja. Kituoni walinijibu kuwa matangazo yakishapita hawayaweki, na kampuni ya kahawa ilikuwa imeshafungwa. Nililia ndani ya gari kabla ya kwenda kumwambia.

Hukumu ilipotoka, vituo vilishinda. Nilimsomea baba, nikidhani atanuna.

"Wana haki yao," akasema tu.

Siku hizi huitazama tena tamthilia ile. Picha inaporuka, mtu alikuwa mlangoni na ghafla ameshakaa, baba huisimamisha, huirudisha nyuma, huitazama upya. Juzi alinionesha kwa kidole.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo alipokuwa mama yako."