Mama Anayetunza Harusi Ndani ya Diski Kuukuu

Jua limeshachoma mabati ya mtaa wa Bulla Pesa, Isiolo, na Makandi Kirigia ametega sikio juu ya diski kuukuu ya kompyuta kana kwamba anapewa umbea.

"Ikilia ka-ka-ka, hiyo ni ya kutupa," anasema. "Ikinyamaza sana, pia naishuku."

Makandi hununua diski zilizostaafu maofisini. Huzifuta kabisa, akazijaza mafaili, kisha akayasoma yote upya kuona kama kuna lililopotea. Inayofaulu huiuza shilingi 2,000 kwa wanaotaka kuhifadhi nakala za kazi zao. Inayofeli huipiga nyundo.

Mbele yake amesimama Mulki, mpiga video za harusi, kamera begani. Gari la kwenda harusini Kinna linamngoja, na diski kubwa aliyoagiza bado inapimwa.

"Mama, nipe tu hivyo hivyo! Bibi harusi ashapakwa hina!"

"Sikupi. Umesahau ya mwaka jana?"

Mulki anajifunika uso kwa mtandio. Mwaka jana aliinyakua diski kabla haijamaliza kupimwa, ikafa na harusi nzima ndani. Familia ikadai irudiwe. Maharusi wakavaa upya, bibi harusi akiwa na mimba ya miezi saba.

"Na bwana harusi alikuwa amenona, wallahi! Kanzu ilikataa kushuka," anasema Mulki. "Nilimpiga picha za kichwa tu."

Mara kompyuta inatoa maandishi mekundu. Diski imefeli, na ilikuwa imebakisha kidogo tu.

"Haya! Ungeenda nayo?" anauliza Makandi.

Mulki karibu alie. Laptop yake imejaa, na hiyo familia ya Kinna ni kali.

Makandi anatoa diski mbili ndogo zilizofaulu jana, zile alizozidharau Mulki alipoagiza. "Weka nakala ya harusi huku na huku. Moja ikikufa, ingine itaizika."

Stima ikipotea, upimaji huanza upya, ndiyo maana Makandi anaweka akiba anunue sola na betri. Ana hamu nyingine pia, na anaitaja akiangalia pembeni.

"Natunza harusi za Isiolo yote, na sijaalikwa hata moja. Hata sahani ya pilau!"

Mulki anatia diski mkobani.

"Basi funga duka, twende. Hizi zikikufa, nikushike hapo hapo."

"Ngoja nibadilishe viatu," anasema Makandi, na tayari ameshika kufuli.