Tulienda Kilwa, Ile ya Kisiwa

Safari hii niliifanya ili watoto wangu wapate siku moja ya furaha, na karibu inivunjie nyumba. Chanzo kilikuwa simu. Mireille, mukubwa wangu wa miaka kumi na sita, alionyeshwa na rafiki wa shule picha za meli ndefu kuliko soko letu. Ndani yake watu wanaogelea na kula aiskrimu, baba na mama na watoto wao wote. Eti inaitwa croisière. Tukiwa tunakula akasema, "Siye hatuyaenda fasi hata moja. Tunajua Mantapala tu na njia ya masomo." Mudogo wake Fiston, wa miaka kumi na mine, akaongeza, "Na shamba." Walisema kweli, na iliniuma. Tulifika Mantapala, kambi ya wakimbizi huku Zambia, Fiston akiwa bado anang'oka meno ya utoto, na tangu siku hiyo ni jembe tu.

Basi nikaamua kuwafanyia croisière ya kwangu, ya boti ya injini inayobeba watu na mizigo ziwani kutoka Nchelenge mpaka Kilwa. Nilikaanga mandazi ya kuuza miezi miwili, na pesa ikatosha nafasi tatu. Ya nne haikupatikana. Bwana yangu, Papa Mireille, ingebidi abaki kulinda muhogo, maana nguruwe za jirani hazina adabu. Siku hizo mimi na yeye hatukuwa na maneno mengi. Tulikuwa tumegombana juu ya Congo, mimi nikisema turudi, yeye akisema bado. Nilimwambia kwa kifupi, "Posho mi na batoto tunaenda Kilwa." Posho ndiyo Jumamosi yetu.

Alisimamisha jembe. Akasema, "Ni bien, sawa." Akaingia ndani, akatoka na koti yake ya kuendea kanisani. "Beba. Kwa maji kuko baridi." Nikafikiri, leo huyu mwanaume amekuwa mupole, Mungu asifiwe.

Ijumaa mchana tulitoka na karatasi ya ruhusa ya siku mbili, juu ya lori lililojaa makaa. Mireille alikuja na mufuko wa kumushinda. "We mutoto, tunaenda siku mbili, umebeba kabati nzima?" Akaupandisha juu ya lori. Fiston, ambaye siku hizi hataki hata kuguswa kichwa, alimukumbatia baba yake mpaka dereva akapiga honi. Nilipandwa na hasira kidogo, kwa sababu jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa nimeamka mapema kukaanga. Njiani vumbi lilitupaka sote rangi moja. Mugongo uliniuma kila tulipoingia shimo, na mashimo yalikuwa mengi.

Mangaribi tulifika Kashikishi, karibu na bandari, na tukalala kanisani juu ya viti vya mbao. Nilingoja walalamike. Watoto wa umri huu wanalalamika hata maji yakiwa baridi, hata yakiwa moto. Safari hii walikula mikate yao kimya, wakaniambia "Aksanti, mama." Badala ya kuogopa, mimi pumbavu nikafurahi kwamba nimewalea vizuri.

Jumamosi asubuhi, bandarini, mwenye boti alikuwa anaita watu kwa Kibemba, "Mwaiseni, mwaiseni!" Tulibanwa kati ya magunia ya unga na baiskeli mbili. Mwanzo maji yalikuwa yametulia, nikaanza kuwaonyesha: angalieni ndege, angalieni mitumbwi ya kijiji cha Kabuta kule. Kisha upepo ukaamka. Mawimbi yakaturukia, tukalowa mpaka nguo za ndani. Fiston akatapika juu ya gunia la mutu mwingine, na mimi nikabaki kuomba radhi kwa lugha tatu. Mireille hakuangalia mbele hata mara moja. Alikaa amegeukia nyuma, anatazama pwani ya Nchelenge ikipungua, na machozi yanatiririka. Nikamwambia, "Vumilia, ni mawimbi tu, tutafika." Ndiyo croisière yangu hiyo. Nilikuwa nimechoka mpaka nikatamani kulia pamoja naye.

Tulishuka kisiwani jua likiwa limepanda sana. Mchanga wote ulitandazwa chisense, zile samaki ndogo ndogo, zinakauka. Mama mumoja aliyekuwa anazigeuza, Bana Mulenga, alituona tulivyolowa akatuita kwa Kiswahili chake cha biashara. "Karibu, mama. Ota jua. Batoto banasikia njala?" Akatupatia bukari, ndiyo ugali, na samaki wa kuchoma, na alipopokea mandazi yangu akacheka kwa furaha. Kisha akauliza, "Mutarudia na boti ya leo?"

"Ya leo," nikajibu.

Fiston aliacha kutafuna. "Kurudia wapi?"

"Nyumbani. Tena wapi?"

"Nyumbani Mantapala?"

"We jua imekupiga?"

Mireille aliweka samaki chini. Akanyoosha mukono kuelekea milima iliyoonekana ng'ambo ya maji, milima ya Congo. "Mama, hautuvushi kule? Ulisema Kilwa."

"Na hapa ni wapi? Si Kilwa?"

"Tulizani Kilwa ya kwetu."

Hapo ndipo nikaelewa. Wewe unayesoma, ujue Kilwa ni mbili. Moja ni hiki kisiwa cha Zambia. Ya pili ni muji wetu, ng'ambo, upande wa Congo, tulikotoka tukikimbia. Ndani ya nyumba yetu, mutu akisema Kilwa tu, ni ile ya pili. Na mwezi mumoja kabla ya safari, tukipalilia, nilimutupia Papa Mireille neno: "Nimechoka! Siku moja utasikia nimekamata batoto, nimeenda zangu Kilwa!" Nililisema kwa uchovu, nikalisahau kabla ya kumaliza mustari. Wao walikuwa pale pale na majembe yao, na hawakulisahau.

Mireille akafungua mufuko. Ndani mulikuwa uniforme, matokeo yake yote ya shule, na picha ya darasa. Alikuwa ameshaaga rafiki zake.

"Muliona nawatoa kwa baba yenu, na mukanyamaza?" Nilipiga kelele mpaka Bana Mulenga akageuka.

"Ulikuwa umechoka, mama," Mireille akasema. "Tuliona tukikatala, utaenda peke yako."

"Na papa? Papa naye anazani hivi?"

Fiston aliangalia chini. "Alinisemea kwa sikio, 'Uchunge mama yako.'"

Nikakumbuka koti. Nilikuwa nimeivaa. Nikashika simu, hakuna réseau, na hata ingekuwepo, simu ya bwana yangu ilikuwa imekufa tangu juma lile. Nilikaa pale mchangani nikingoja boti, na sikuona tena uzuri wa ziwa. Watoto sasa walikuwa wamefunguka. Walioga ufukweni, wakarushiana maji, wakaanza na malalamiko yao. "Croisière gani hii bila aiskrimu?" Kwa mara ya kwanza malalamiko yalinipoza roho.

Kurudi, mawimbi yalikuwa yale yale na lori lilikuwa bovu kuliko la kwanza, lakini sikusikia mugongo. Niliwaza tu: kama ameondoka kwenda kunywa, au kwa ndugu yake, nitamwambia nini? Kiza kilikuwa kinaanza tuliposhuka.

Papa Mireille alikuwa kando ya moto, anasonga bukari. Sufuria ilikuwa ile ndogo, ya mutu mumoja.

Alituangalia mumoja mumoja, kama anahesabu. "Munarudia?"

"Tunarudia. Tulienda Kilwa ya kisiwa."

"Ya kisiwa," akasema. Mwiko ulikuwa umesimama ndani ya bukari.

"Karatasi ilisema siku mbili, Papa Mireille. Uliiona."

"Sikutaka kuisoma."

"Ju ya nini haukunikatalia?"

"Ulikuwa umechoka," akasema.

Siku hizi, kwetu hakuna mutu anayesema Kilwa tu. Tunasema ya kisiwa au ya kwetu, hata kwa mambo madogo. Na mimi nimejifunza kwamba uchovu wangu unasikika nyumba nzima, na wanaonipenda wanaupangia safari. Lile neno sijalirudia tena, hata mugongo ukiuma namna gani.

Ile mangaribi nilivua koti, nikamuvalisha yeye. Akapangusa macho kwa mukono wake, akashusha sufuria ndogo, akamwita Mireille alete ile kubwa.