Hajambo, Ila

Mzee niliyekuwa nikimuuguza Washington alikuwa mwenye benki. Si meneja, jamani, mwenye benki! Wazee wake, Wayahudi waliotoka Ujerumani, waliianzisha, ikarithiwa baba kwa mwana mpaka ikamfikia yeye. Mwanawe wa pekee akaikataa, akaenda zake California kufundisha muziki. Mzee akaiuza, na mbele ya ndugu wote akatamka kwamba hana mtoto. Wakakaa miaka tisa hawaonani.

Kila asubuhi nilitoka kwangu Herndon, nje ya mji, nikafika nikamkuta kashafunga tai.

"Safari ya wapi, mzee?" namtania.

"Kazini," ananijibu, na kazi yenyewe ni kunywa uji na mimi. Alikuwa mkorofi, nami si mnyonge, basi tukaelewana.

Ijumaa, kabla jua halijazama, tuliwasha mishumaa ya Sabato yao. Kwao hiyo ndiyo saa ya baba kumwekea mwanawe mkono kichwani, akambariki. Ijumaa moja akaniambia anataka kumbariki mwanawe mara moja tu kabla hajafa, na kumwomba radhi. "Lakini usimwambie. Akija nitamwambia mwenyewe." Nililia, sifichi.

Mwana alikuwa akinipigia kila wiki, kimyakimya, kumuulizia baba yake. Jumatano moja nesi aliyekuja kumpima mzee akanivuta kando: zimebaki siku mbili, tatu. Nikamtumia mwana meseji anipigie. Akapiga papo hapo.

"Baba anaendeleaje?"

Kwetu Tanga huanzi na baya. Ukiulizwa hali ya mgonjwa, hata akiwa taabani, unasema kwanza hajambo, alhamdulillahi. Kisha unavuta pumzi, unasema, ila... Naye anayeuliza anajua kuisubiri hiyo ila. Basi mimi, kwa Kiingereza changu, nikamwambia yuko fine. Nikavuta pumzi.

"Afadhali! Niko mkutanoni. Nakuja Jumapili nimwone, hata akinifukuza." Akakata.

Nikapiga mara mbili, simu imezimwa. Mzee akaniita, anataka maji. Nikajisemea, aah, si atapiga tu. Mjinga mimi! Alhamisi asubuhi mzee akakata roho, nimemshika mkono mimi, mtu baki.

Mwana alifika Ijumaa kuzika, maana Wayahudi hawachelewi kuzika, kama sisi Waislamu. Baada ya mazishi akanifuata jikoni.

"Uliniambia yuko fine," akasema polepole, bila hasira. Laiti angenitukana.

Nikamweleza desturi yetu. Hata masikioni mwangu ilisikika upuuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nisingekata simu, ungesema nini?"

"Ningesema, ila panda ndege leo. Baba yako anataka kukuomba radhi."

Akanitazama kama hajanisikia vizuri.

"Kumbe alinitaka?" akaniuliza.