Sauti Iliyovuka Ukuta

Kwa miaka kumi na miwili mama mmoja alikuwa akipokea simu za wateja, na wenzake walimwita Shangazi kwa jinsi alivyowabembeleza hata waliomtukana. Asubuhi hiyo kampuni iligawa hedifoni mpya zisizo na waya, zinazojiunganisha zenyewe na simu ya mezani iliyo karibu.

Shangazi alivaa yake, akasikia mwanamume akisema, "Figo zako zote mbili zimefeli. Tusicheleweshe."

Sauti ya meneja wake ikajibu, "Daktari, mke wangu hajui."

Meneja alikaa nyuma ya ukuta wa mbao, na hedifoni ilikuwa imeruka simu ya Shangazi na kudaka ya bosi. Aliivua kama imemuunguza. Na jirani yake wa meza ya pili akivaa ya kwake je, si naye atasikia? Akainuka, akabisha hodi.

"Bosi, kata simu tafadhali. Nakusikia."

Meneja alikata simu. "Umesikia nini?"

"Figo. Nisamehe."

Hedifoni zote zilizimwa. Fundi alisajili kila moja na simu yake. Tangu hapo ziliendelea kujiunganisha zenyewe, lakini zikikutana na simu ngeni ziliikataa.

Shangazi hakumwambia mtu, hata mumewe. Ila jioni alimrudia meneja. "Mwambie mkeo leo. Haifai mimi nilijue jambo hili kabla yake."

Meneja akamwambia mkewe. Miezi minne baadaye, mke huyo ndiye aliyemtolea mumewe figo yake moja.