Tulipokula Sato kwa Ufukara

Mchungaji wetu pale Igoma alipenda sana kuombea vipato. "Bwana, ongeza kipato cha kila nyumba!" anapaza sauti, na kanisa zima linalipuka amina. Mama yangu, kila sala ikifika hapo, anashikwa na kikohozi. Alikuwa mtu wa dini hasa, mwimbaji wa kwaya, lakini riziki yake ilikuwa kukaanga mapanki, na mapanki hayauziki kwa watu waliobarikiwa.

Mapanki ni kile kinachobaki kiwandani sangara akishachunwa minofu: kichwa, uti wa mgongo na mkia. Minofu inapanda ndege kwenda kwa watu tusiowajua, mifupa inabaki na sisi. Mama aliikaanga kando ya barabara ya Musoma. Watu wakiishiwa, wanajaa mbele ya karai lake. Wakipata, wanavuka barabara ili wasisalimiane naye.

Baba naye alikuwa mkata minofu kwenye kiwanda hichohicho, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na vipato viwili vilivyonuniana. Samaki wakiwa wengi, baba anapewa zamu za ziada, Igoma nzima inanukia pesa, na mama anarudi na mapanki yake yamepoa. Zamu zikipungua, baba analala mchana mdomo wazi, na mama anauza mpaka makombo. Njaa hatukuijua. Furaha ya wote kwa pamoja nayo hatukuijua.

Wateja walikuwa na aibu zao. Wakati wa ukata karibu kila mtu alinunua mapanki "ya mbwa." Ungedhani Igoma ina mbwa wengi kuliko watu. Mwalimu mmoja alinunua ya mbwa kila jioni na kuomba yaongezwe pilipili. Mama alimwongezea, akamwambia ampelekee huyo mbwa salamu.

Halafu ukaja msimu wa neema. Kiwanda kiliajiri vijana tele, baba akafanywa msimamizi. Samaki aina ya sato wakapanda bei. Sato walewale, wa ziwa lilelile, wenye macho yaleyale, ila sasa walitakwa na kila mwenye mshahara. Muuza nyama akaacha kutupa nyongeza. Mwenye nyumba akasikia habari za kupandishwa cheo, akapandisha kodi. Baba alisema wafanyabiashara wote ni wezi, huku akinunua nyama bila hata kuuliza bei.

Kisha akamgeukia mama.

"Kazini wananicheka," alisema. "Mimi nasimamia minofu, mke wangu anakaanga mifupa. Acha hiyo kazi."

"Hao wanaokucheka ni wateja wangu. Nimewalisha tangu wakiwa vibarua."

"Sasa wana pesa, wanataka sato. Kaanga sato, kama mtu mwenye heshima zake."

Waligombana wiki nzima. Nyumba ilikuwa ya kupanga, na sisi watoto, kwa mila za kwao baba huko Mara, tulikuwa wa ukoo wake. Meko yale ya barabarani ndiyo kitu pekee ambacho mama aliweza kusema "hiki ni changu," na hakutaka yapotee. Mwishowe akakubali nusu: meko yabaki, samaki wabadilike. Lakini kina mama wa mapanki wana foleni yao ya mabeseni getini kwa kiwanda, na nafasi ni ya beseni. Ukiliondoa, umeondoka, ukirudi, unaanzia mkiani. Mama aliliondoa lake baada ya miaka mingi ya kusogea mbele. Siku hiyo aliliosha lile beseni mara mbili.

Sato waliuzika vizuri, kwa muda. Kisha sangara wakaadimika ziwani. Kiwanda kikapunguza zamu, kikapunguza vibarua, kikapunguza na wasimamizi, baba akiwemo. Igoma ikarudi kwenye mifupa kwa mkupuo. Sasa fikiria: kila mtu anataka mapanki, na kwa kuwa samaki wanaokatwa ni wachache, mapanki yenyewe ni machache. Yakapanda bei. Chakula cha wanyonge kikaingiwa na kiburi.

Sato wa mama walikaa kwenye sinia wakikauka. Friji hatukuwa nayo, kwa hiyo jioni tuliwala sisi, kwa ugali wa udaga wa muhogo, siku baada ya siku. Majirani waliona miiba jalalani kwetu wakahitimisha kwamba baba aliiba pesa kiwandani kabla ya kufukuzwa. Nadhani tulikuwa mafukara wa kwanza mjini kusengenywa kwa kula vizuri. Nami, bila haya, nilisema sato ni mtamu.

"Huo ni mtaji," mama alisema. "Mnakula mtaji wangu na mnalamba vidole." Akaanza kulia, palepale mbele ya sahani. Nilitamani kumtemea sato wake mkononi.

Asubuhi baba alichukua beseni mwenyewe, nikafuatana naye na mama mpaka getini. Mlinzi, aliyezoea kumpigia saluti, alilitazama lile beseni akaonyesha kidole mbali: "Foleni inaishia kule, mzee." Baba akaenda kusimama kule mkiani, nyuma ya wanawake waliokuwa wakimwogopa.

"Shikamoo bosi," mmoja akamwita, wenzake wakicheka. "Umekuja kukagua mifupa?"

"Marahaba. Nimekuja kununua."

Tulipofikiwa vilibaki vichwa vidogo na mikia, kwa bei ya kuudhi. Baba alilipa. Mama alipoinama kubeba, akamzuia. Kwetu mwanamume hubeba begani, husukuma baiskeli. Beseni kichwani ni la mwanamke. Baba alilipandisha kichwani kwake, maji ya samaki yakamchuruzika hadi kwenye kola ya shati la usimamizi, na akashika njia ya katikati ya mtaa, mchana kweupe. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote za nyama.

Pale kwenye drafti walikaa wenzake waliopunguzwa naye. Wakaacha kucheza.

"Msimamizi, ndiyo nini tena hiyo?"

"Mapanki," alisema bila kusimama. "Njooni jioni. Bei imepanda."

Nyuma yake mama akakaza kanga kiunoni, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Na hatukopeshi!"