Redio ya Mama Mkwe

"Diodi ya pili tena? Utaiunguza, fundi!" Vestina alifoka. Redio ilikuwa ya mama mkwe wake, na Vestina mwenyewe ndiye aliyeichomeka kwenye betri ya sola mpaka ikatoa moshi.

"Tulia, waitu, dada yangu. Regulata hii mpya ya kupunguza umeme wa betri inatoa volti tano, redio inataka sita."

Fundi wa Kagondo hakuinua uso. Vidole vyake vilikuwa vinene kama ndizi, lakini vingeweza kumvalisha siafu viatu. Kila diodi aliiunga chini ya mguu wa kati wa regulata, kama mtu anayeinua kigoda kwa kijiwe. Umeme ulipanda kidogo, naye akanusa, akaguna. Redio ikakohoa, ikaimba.

"Mama asijue kabisa kwamba iliungu—" Vestina alianza kunong'ona.

Mama mkwe aliingia na kitenge chake cha misa, akasimama, akanusa harufu ya kuungua. Fundi, safari hii bila kuguna, akaongeza sauti ya redio.