Turbo ya Mama Otieno

Mimi ni fundi wa magari hapa Manyatta, na wiki hii naogopa kupita Dunga.

Mama Otieno huuza samaki huko. Pikapu yake aliachiwa na marehemu mumewe, Baba Otieno, rafiki yangu. Siku chache baada ya mimi kuisafishia paipu za hewa, ikaanza kukosa nguvu. Ilitoa moshi mweusi, ikakwama mlimani, samaki wakaoza njiani. Niliiendesha kidogo, nikatikisa kichwa kama daktari.

"Mama, turbo, ile ya kusukuma hewa kwenye injini, imekufa."

"Kabisa?"

"Kabisa. Hata usiniulize."

Sikufungua hata paipu moja. Ningefungua, ningejua. Mama wa watu akauza ng'ombe wake wa maziwa, akanunua turbo nyingine.

Jana nikamwita aje ajionee nikitoa ile mbovu. Nilitaka sifa, si kingine. Nilipochomoa paipu nikaona kitu kimeziba ndani. Nikavuta, kikatoka kitambaa kilicholowa oili. Nilikuwa nimekisokomeza mwenyewe siku ile ya kusafisha, vumbi lisiingie, nikakisahau. Turbo ilikuwa nzima.

Nikajaribu kukificha mfukoni, lakini Mama alishakishika. Akakikunjua polepole. Ilikuwa nusu ya shati, na kola bado ilionyesha mistari ya kijani.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "hii si shati ya Baba Otieno nilikupa siku ile tuligawa nguo zake?"